Kioo Juu ya Ufa

Kwa miaka miwili kazi yangu Dubai ilikuwa kupika uji, kupima sukari, kukunja nguo na kusoma ukuta. Hiyo ya mwisho haikuwa kwenye mkataba. Mkataba ulisema mimi ni mhudumu wa mzee mgonjwa, nyumba iko Al Barsha, siku ya mapumziko ni Ijumaa. Kama wakala wangu kule Nairobi angenidokeza kwamba kila asubuhi nitakaa mbele ya Mwingereza asiyeona, nikimweleza jinsi kanisa la kijijini kwao linavyopasuka, ningemwambia atafute mwingine. Mimi si mvumilivu. Tangu utotoni sipendi kuulizwa swali moja mara tatu, na mzee yule aliuliza kila kitu mara tatu.

Alikuwa msanifu wa majengo, ila si majengo kama haya ya hapa ambayo ukienda likizo ukirudi unakuta manne mapya. Maisha yake yote alitibu makanisa ya kale. Mke wake alipofariki, binti yao, ambaye ndiye madam wangu, alimleta aishi naye Dubai. Macho yake yalikuwa yamekufa katikati na kubaki hai pembeni. Akitaka kukuona aligeuza uso akatazama mlango, au dirisha, ndipo akakupata kwa kona ya jicho. Wiki ya kwanza nilidhani ananidharau. Nilimlalamikia madam, akacheka hadi akakaa chini, kisha akanieleza kwamba baba yake akikutazama usoni moja kwa moja, basi ujue hakuoni kabisa.

Jua la huku halina mzaha, kwa hiyo mazoezi yetu tulifanyia ndani ya lile jumba kubwa la maduka lililo jirani, asubuhi kabla maduka hayajafunguliwa. Wazee wengi wa Al Barsha hutembea humo saa hizo, na viatu vyao vyeupe, wakikwepa wafanyakazi wanaopiga deki. Kuna sehemu moja imepambwa kwa matao marefu yaliyopakwa rangi ya mawe. Mzee akifika hapo lazima asimame, agonge nguzo kwa fimbo. Nguzo inalia kama debe tupu.

"Tao hili halibebi kitu," anasema.

"Najua, sir. Jana pia halikubeba."

Anacheka, tunaendelea.

Kanisa lake yeye lilibeba. Nililijua lile kanisa kuliko nilivyoijua Dubai. Si kubwa, lingeenea kwenye sehemu ya kuegesha magari ya jumba lile na nafasi ikabaki. Kuta zake ni mawe ya gumegume, yale magumu ukiyagonganisha yanatoa cheche, yaliyookotwa mashambani na kushikanishwa kwa chokaa. Upande mmoja nguzo ni nene za duara, upande wa pili ni nyembamba zenye pembe, kwa sababu waliojenga upande wa pili walikuja vizazi vingi baadaye na mitindo ilikuwa imebadilika. Hakuna aliyeona haya kwamba hazifanani. Mnara umeinama kidogo kuelekea magharibi, na umeinama hivyo tangu zama za wafalme ambao hata mzee aliwachanganya. Paa ni la mbao za mwaloni. Na ndani, kati ya wanapokaa watu na palipo na madhabahu, kuna tao kubwa lililochongoka juu, na juu ya tao kuna picha ya Siku ya Hukumu.

Picha hiyo ilipakwa chokaa na watu wa zama fulani waliochukia picha makanisani. Ikakaa imefichwa mpaka mzee, akiwa bado kijana mwenye nywele, alipoifunua kwa kisu kidogo kama cha daktari, ukubwa wa kiganja kwa wiki. Waliookoka wako kulia, waliopotea wako kushoto wakiburutwa kwa mnyororo. Ufa ulipita katikati yao. Mzee alisema ufa ule ulikuwa na elimu ya dini.

Adui yake mkubwa alikuwa simiti. Enzi za baba yake, waumini wenye nia njema walilipaka lile kanisa simiti nje, wakadhani wameliheshimu. Maji yaliyoingia ukutani yakakosa pa kutokea, kuta zikaanza kutoka jasho kwa ndani, picha ikawa inabanduka vipande. Alitumia miaka kuibandua simiti hiyo na kurudisha chokaa inayopumua. Hapo ndipo tulipogombana mara ya kwanza. Baba yangu alikuwa fundi wa mawe kule kwetu Taita, na mimi nilimbebea maji na kumkorogea simiti tangu nikiwa na miaka minane. Kwetu simiti ni heshima. Mtu akipiga nyumba yake lipu ya simiti, majirani wanajua mtoto wake amepata kazi. Na kanisa nililobatizwa, la mawe, kule milimani, limejaa simiti na limesimama.

"Lina umri gani?" akauliza.

"Linapita miaka mia, sir."

"Bado mtoto. Litaanza kukohoa."

Nilinuna siku mbili. Siku ya tatu nilimwekea methali mezani, nikijua Mzungu hana jibu la methali. Nikamwambia kwetu tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Akafikiri, uso umeelekea dirishani, maana yake ananitazama. "Ushauri mbaya sana," akasema. "Ukiuziba kabla hujajua umetoka wapi, umeuziba mdomo tu. Kwanza uulize kama unatembea."

Ndipo akanieleza habari ya kioo. Juu ya ufa wa lile tao, miaka mingi iliyopita, alibandika kipande chembamba cha kioo, kimeshikwa huku na huku kwa donge la plasta. Ukuta ukisogea hata unene wa unywele, kioo hakiwezi kunyooka, kinavunjika. Mafundi wa kwao wanakiita jina la mtoto mchongezi, yule anayekimbilia kwa mama kusema nani kaiba sukari. Mzee aliandika tarehe juu ya kile kioo kwa mkono wake, na mchongezi wake hakuwahi kusema neno. Alijivunia kioo kile kama watu wengine wanavyojivunia mtoto aliye jeshini.

Alikuwa amestaafu, na kanisa lilikuwa na msanifu mpya, kijana. Lakini mwangalizi wa kanisa, mwalimu mstaafu aliyeimba naye kwaya utotoni, alitutumia picha kila mwezi kwenye tableti, rula ikiwa imesimamishwa kando ya ufa. Kamati haikuthubutu kugusa tao bila neno la mzee. Na mzee hakuwa na macho, ila yangu.

Akanifundisha. Pana kiasi gani? Unaingia ukucha, au njiti ya kiberiti, au kalamu? Kingo zake safi au chafu? Kingo chafu, zilizojaa vumbi na utando, ni ufa wa zamani uliotulia. Kingo safi ni ufa wa juzi. Kuna unga mweupe sakafuni? Nilimsomea mara tatu kila kitu, nikikunja uso, na polepole nikaanza kupenda. Nilikuwa nikimkumbuka baba akipapasa ukuta kwa kiganja kabla ya kutoa timazi mfukoni. Mzee alisema mimi ni macho mazuri kwa sababu sijui maneno ya wasomi, nasema ninachokiona. Ni sifa ambayo sijapata kusifiwa tena, na nilikuja kuichafua mwenyewe.

Madam alikuwa amemwahidi baba yake kwamba baridi ya Ulaya ikiisha macho yake yatatibiwa, kisha watasafiri kwa ndege wote watatu, mimi nikiwemo, akalione tao lake. Mzee aliishi kwa ahadi hiyo. Alikuwa anahesabu miezi kwa vidole.

Barua ya hospitali ilikuwa kwenye droo ya jikoni, chini ya pakiti za bizari na mdalasini. Niliisoma siku ileile tuliyotoka kwa daktari, madam akiwa amesimama kando yangu. Ilisema mambo mawili. Macho hayatarudi. Na moyo wake hauruhusu safari ya ndege, si sasa wala baada ya baridi. Madam alinishika mkono akasema, "Please, asijue. Si sasa."

Sikuhitaji kubembelezwa. Mimi nimelelewa hivyo. Kwetu mgonjwa haambiwi. Baba yangu alipolala kitandani miezi minne, mdogo wake wa pekee alifariki huko Voi, tukazika bila yeye kujua. Alipouliza, tulimwambia ndugu yake yuko safarini, anakuja. Mimi ndiye niliyesema mara nyingi zaidi, kwa sababu nilikuwa mtoto wake kipenzi na aliniamini. Nilijisikia nimefanya jambo la heshima.

Septemba, mzee akashikwa na kifua. Tukakaa naye hospitali siku tisa. Aliporudi alikuwa mwepesi, ukimshika bega unashika mfupa. Madam akaniambia, "Hakuna habari mbaya nyumba hii. Anything, niletee mimi."

Jumatano ya wiki ileile picha ikafika.

Nilikuwa nimempa uji na nusu alikuwa hajala. Nikafungua tableti. Kioo kilikuwa vipande viwili. Cha juu kilining'inia kwenye donge lake la plasta, cha chini hakikuwepo, na kwenye picha ya pili nikakiona sakafuni katikati ya unga mweupe. Ufa ungepokea kalamu. Kingo zilikuwa nyeupe, safi kama jino. Chini yake mwalimu ameandika kwamba msanifu kijana anataka kanisa lifungwe mara moja na tao liwekewe magogo ya kulishikilia, lakini Jumapili ni ibada ya mavuno, watoto wa shule nzima wataimba mbele ya madhabahu, na nusu ya kamati inasema kijana anaogopa kivuli chake. Mzee anasemaje?

"Nisomee," mzee akasema. Sauti yake ilikuwa bado na mkwaruzo wa kifua.

Nilimtazama yule mzee, shingo imekuwa nyembamba ndani ya kola, na kijiko kimesimama njiani. Nikasema, "Ni uleule, sir."

"Kioo?"

"Kizima."

Akaachia pumzi. Akala uji wote. Hiyo ndiyo picha iliyoniadhibu baadaye, jinsi alivyokwangua bakuli. Ombi la mwalimu nililifupisha. Nilimwambia wanauliza tu kama waendelee na ibada kama kawaida. Akaniagiza niandike: ufa huu naujua tangu ujana wangu, hautembei, msiuguse kabla ya baridi kupita, ibada iendelee. Nikaandika. Nikabonyeza kutuma. Ningeweza kumpelekea madam kwanza, kama alivyoagiza, lakini nilijua madam angeniuliza maswali, na jibu langu lilikuwa tayari limeoza.

Alhamisi mwalimu akajibu. Alisema wamefarijika sana. Walipoona kioo kimevunjika waliingiwa na hofu, lakini kama yeye amesikia maelezo yote na bado anasema ni uleule, basi nani mwingine anaujua ukuta ule? Watoto walifanya mazoezi jana, wanasimama mistari mitatu, sawasawa chini ya tao. Nilimsomea mzee ile mistari mitatu ya watoto. Mambo ya kioo niliyaruka. Alitabasamu mpaka nikaenda chooni kunawa uso.

Ijumaa nilipanda metro kwenda Karama, kwenye chumba tunachochangia wanawake sita, tunapishana kulingana na siku zetu za mapumziko. Rafiki yangu alikuwepo, Mkamba mmoja wa Machakos anayetandika vitanda kwenye hoteli ya Al Mankhool na ambaye hana siri wala breki. Nikamweleza yote huku tukisonga ugali.

"Wewe nawe!" akasema. "Umeenda kujibebesha kanisa la wazungu?"

"Kuna watoto watasimama hapo chini, Jumapili."

"Hao watoto wako na mamake zao. Wewe uko na mgonjwa. Na mgonjwa haambiwi, ama huko kwenu Taita mliacha? Ukimwambia saa hii, ashtuke, moyo ugome, madam atasema ni nani amemuua? Ni wewe. Khalas, visa cancel, unarudishwa na ndege ya kwanza. Na kwani hilo kanisa limesimama miaka ngapi?"

"Mia nane, karibu."

"Na litaanguka hii Sunday, juu yako wewe ulisema uongo kidogo? Wacha kujipea umuhimu."

Nilicheka, kwa sababu anajua kuchekesha, na kwa sababu nilitaka sana awe sahihi. Tukala. Nikalala kidogo mchana, na katika usingizi ule mwepesi nikamkumbuka baba siku zake za mwisho. Kuna kitu sikuwahi kumwambia mtu. Asubuhi moja, karibu na mwisho, aliniuliza tena kama ndugu yake amefika. Nikasema yuko njiani. Akanitazama kwa muda. Akasema, "Amekaa njiani sana, mwanangu." Kisha akageukia ukutani na hakuniuliza tena, si hilo wala lingine lolote. Alijua. Alikuwa anajua kwa wiki nyingi, na alikuwa amelala pale akiomboleza peke yake, bila mtu wa kumshika mkono, kwa sababu sisi tuliokuwa na mikono tulikuwa tunashika uongo wetu. Watu wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na sentensi moja ya baba, na bado sikujifunza.

Nikaamka nikavaa viatu. Mwenzangu akauliza, "Unaenda wapi, si siku yako haijaisha?" Nikamwambia naenda kupoteza kazi. Akanifungia chapati mbili kwenye foili, kwa njaa ya njiani.

Nilipofika mzee alikuwa amelala, na madam alikuwa na wageni. Nikasubiri asubuhi. Sitasema nilisali, niliogopa tu.

Jumamosi tukaenda kutembea kama kawaida. Nilipanga kumwambia tukirudi, akiwa amekaa, dawa zikiwa karibu. Lakini tukafika pale kwenye matao ya uongo, akasimama, akagonga, nguzo ikalia debe, akasema, "Halibebi kitu," na mimi badala ya kutania nikasema, "Sir, kioo kimevunjika."

Hakugeuza uso. Alinitazama moja kwa moja, yaani hakuniona.

"Lini?"

"Picha ya Jumatano. Kilikuwa kimeshavunjika. Nilikudanganya."

"Pana kiasi gani?"

"Kalamu, sir."

"Kingo?"

"Safi. Na unga sakafuni. Mwingi."

Alitafuta ukuta kwa mkono, nikamshika, tukaketi kwenye benchi mbele ya duka la kahawa lililokuwa bado limefungwa. Niliweka vidole kwenye mshipa wake wa mkono, nikijifanya namtuliza, kumbe nahesabu mapigo. Ulikuwa unakimbia lakini ulikuwa imara. Akauliza kwa nini.

"Ulikuwa mgonjwa, sir. Kwetu mgonjwa haambiwi habari mbaya. Ni heshima."

"Mimi ndiye mgonjwa," akasema. "Watoto wa kwaya hawaumwi." Kisha, polepole, bila ukali, na hiyo ndiyo iliyoniuma: "Kioo chenye huruma kina faida gani pale ukutani?"

Akaniambia nipige simu. Kwao ilikuwa saa kumi na mbili asubuhi, na mwalimu aliitikia kwa sauti ya mtu aliyeruka kitandani. Nilitega sikio nisikie mzee atakavyonitaja. Nilishajiandaa, nilistahili.

"Nilikosea," mzee akasema kwenye simu. "Ufa unatembea. Funga mlango sasa hivi, mtu asiingie hata kuzima taa. Mpigie yule kijana umwambie alikuwa sahihi, mimi nilikosea." Akarudia mara ya tatu, kama kawaida yake. Hakunitaja kabisa. Nikalia pale kwenye benchi kama mtoto, wazee wa viatu vyeupe wakipita na kujifanya hawaoni.

Ibada ya mavuno ilifanyika kwenye ghala la mkulima, watoto wamesimama juu ya marobota ya nyasi. Jumatatu kijana na mafundi wakasimamisha magogo chini ya tao, wakaanza kufungua plasta pembeni mwa picha. Ndani ya ukuta walikuta chuma. Fundi fulani wa zamani, ambaye mzee hakuwahi kumwona kwenye maandishi yoyote, aliingiza chuma juu ya tao ili kuliimarisha, akakifunika vizuri, watu wasiwe na wasiwasi. Chuma kikapata maji, kikashika kutu, na chuma kikishika kutu kinavimba. Kilikuwa kinasukuma mawe kutoka ndani. Mwalimu aliandika kwamba jiwe moja la juu, zito kama mfuko wa sukari wa dukani, fundi alilitoa kwa mkono tu, kama jino la mtoto.

Nilimsomea mzee sentensi hiyo mara tatu, safari hii bila kukunja uso. Akapanga vidole vitatu juu ya meza. Nikajua anaweka watoto mistari mitatu chini ya jiwe lile, maana mimi pia nilikuwa nawaweka.

Ilikuwa Jumamosi nyingine, tuko jikoni, madam anakunywa kahawa akiwa amesimama. Mzee akasema, "Vizuri. Sasa nisomee ile barua."

"Barua gani, sir?"

"Iliyo kwenye droo ya viungo. Siku tuliyotoka kwa daktari droo ile ilifunguliwa, karatasi ikalia, na jioni hakuna aliyepika chochote."

Madam alinitazama kwa jicho ambalo lingekaanga yai. Nikainua mikono: si mimi. Tukabaki hivyo, sisi wawili, kama wezi wawili waliokutwa na kuku mmoja.

"Dad," akaanza, na sauti ikamkatikia.

"Nisomeeni," akasema. "Yeyote kati yenu."

Madam akafungua droo, akatoa barua, akajaribu. Mstari wa pili ukamshinda. Akanipa mimi. Nikavuta kiti changu cha kila asubuhi, nikasoma kama nilivyofundishwa kusoma ukuta, bila kuongeza wala kupunguza. Macho hayatarudi. Moyo hautaruhusu ndege. Barua ilikuwa inanuka mdalasini.

Nilipomaliza niliikunja barua nikaiweka mezani. Mzee akauliza, "Kingo zake?"

Madam hakuelewa. Mimi nilielewa. "Chafu, sir. Ni ufa wa zamani."

"Nilidhani hivyo," akasema. "Umetulia muda mrefu." Kisha akageuza uso taratibu kuelekea mlangoni, mbali na sisi, akakaa hivyo akimtazama binti yake. Madam alidhani baba amemgeuzia kisogo kwa hasira, akafunika uso. Ikabidi nimnong'oneze kile alichonieleza yeye mwenyewe wiki ile ya kwanza. Ndipo akaja akapiga magoti mahali pale hasa ambapo kona ya jicho la baba yake ingempata, na wakalia, na sikuona sababu ya kutoka kwa sababu mimi pia nilikuwa nalia.

Baadaye mzee akanyoosha mkono juu ya meza kutafuta kikombe chake. Zamani ningekisogeza kimyakimya mpaka kidole chake kikiguse, adhani amekipata mwenyewe.

"Kiko wapi?" akauliza.

"Kushoto, sir. Karibu na ukingo," nikasema. "Na chai imepoa."